Mwongozo kamili wa kuendesha kamisheni ya sanaa ya jiji, kuanzia sheria ndogo hadi matunzo ya kazi

Kamisheni ya sanaa ya jiji ni chombo kidogo kinachobeba mzigo mkubwa. Kwa kawaida huwa na wajumbe wachache, sekretarieti ya maofisa wawili au watatu, na fedha ambazo, zikiwekwa kando ya zile za barabara au majitaka, karibu hazionekani kwenye kitabu cha bajeti. Hata hivyo ndicho chombo kinachoamua ukuta upi uchorwe, kikundi kipi cha maigizo kipate ukumbi, na sanamu ipi isimame mahali ambapo maelfu ya watu watapita kila siku kwa miaka 50 ijayo. Mwongozo huu ni kwa ajili ya mjumbe mpya, ofisa aliyekabidhiwa kazi hii bila maelekezo, na msanii anayetaka kuelewa namna maombi yake yanavyoshughulikiwa baada ya kutoka mikononi mwake.

Nimewahi kuwa mwombaji, na baadaye nikawa mjumbe wa jopo linalopima maombi, na jambo moja limenikaa moyoni: miradi mingi inayoharibika haiharibiki mikononi mwa msanii. Huharibika mapema zaidi, pale wakazi wanapoulizwa maoni yao ilhali kila kitu kimekwisha kuamuliwa. Ndiyo maana katika kila hatua hapa chini nitarudia swali la wakati: nani anasikilizwa, na anasikilizwa kabla ya nini.

Hatua ya kwanza: Mamlaka yaandikwe kwenye sheria

Kamisheni iliyoundwa kwa barua ya meya huishi muda ule ule anaokaa meya madarakani, lakini iliyoandikwa kwenye sheria ndogo au hati ya kuundwa kwa jiji huvuka uchaguzi mmoja baada ya mwingine. New York ilianzisha kamisheni yake mwaka 1898, na chombo hicho, ambacho sasa kinaitwa Public Design Commission, bado kinapitia michoro ya majengo na kazi za sanaa zinazowekwa kwenye mali ya jiji. San Francisco nayo iliiingiza yake kwenye hati ya jiji mwaka 1932.

Sheria hiyo iseme waziwazi kama kamisheni inaamua au inashauri. Ikiwa inashauri, itaje ushauri unapelekwa kwa nani na ujibiwe kwa maandishi ndani ya siku ngapi, kwa sababu ushauri usiodai jibu huishia ndani ya faili. Vipindi vya wajumbe vipishane, tuseme miaka 3 kwa kila mmoja huku theluthi moja ikibadilishwa kila mwaka, ili isitokee kikao ambacho kila aliyeketi ni mgeni. Viti vigawanywe kati ya wasanii ambao bado wanafanya sanaa, watu wanaojua ujenzi na mipango miji, na wakazi wasio na sifa nyingine isipokuwa kuujua mtaa wao. Kundi hili la mwisho ndilo husahaulika, na likikosekana wengine wote huanza kuzungumza lugha wanayoielewa wao peke yao.

Iandikwe pia kwamba madiwani huidhinisha bajeti lakini hawachagui msanii. Uingereza ilipounda baraza lake la sanaa, Arts Council, mwaka 1946 ilijengwa juu ya kanuni hiyo: fedha zinatoka serikalini, ila uamuzi wa nani apewe haufanywi na wanasiasa. Jiji lolote linaweza kuifuata katika kifungu kimoja cha sheria, na kifungu hicho kitawakinga hata madiwani wenyewe dhidi ya lawama za upendeleo.

Hatua ya pili: Chanzo cha fedha kisichotegemea huruma

Njia inayojulikana zaidi ni kutenga asilimia fulani ya gharama za ujenzi wa umma kwa ajili ya sanaa. Ufaransa ilianza mwaka 1951 kwa kutenga asilimia 1 ya gharama za majengo ya shule. Mwaka 1959 Philadelphia ikawa jiji la kwanza nchini Marekani kuliweka jambo hilo katika sheria yake, Seattle ikafuata mwaka 1973 kwa asilimia 1 ya miradi yake ya ujenzi inayostahili, na San Francisco hutenga asilimia 2.

Njia hii ina nguvu kwa sababu fedha hupatikana bila mtu kupiga magoti kila mwaka. Ina kasoro mbili ambazo ni lazima zishughulikiwe tangu mwanzo. Kwanza, fedha hufuata ujenzi, na ujenzi mara nyingi hufuata matajiri, hivyo katikati ya jiji hujaa sanamu huku mitaa ya pembezoni ikibaki mitupu. Dawa yake ni mfuko wa pamoja: sheria iruhusu asilimia inayotokana na jengo moja kutumika mahali pengine penye uhitaji. Pili, fedha za ujenzi hununua vitu vya kudumu, na mcheza ngoma au mshairi si kitu cha kudumu. Kwao kunahitajika chanzo cha pili. San Francisco, kwa mfano, ilianza mwaka 1961 kuelekeza sehemu ya kodi ya vyumba vya hoteli kwenye vikundi vya sanaa, kwa hoja nyepesi kwamba mgeni anayekuja kwa sababu jiji lina uhai achangie uhai huo.

Hatua ya tatu: Orodhesha kilichopo kabla ya kuleta kipya

Maofisa wengi huanza na dodoso la mtandaoni. Dodoso hujibiwa na watu wanaoifahamu kamisheni tayari, na matokeo yake ni picha ya marafiki wa kamisheni, si ya jiji. Anza kwa miguu. Mpeleke ofisa katika kila kata kwa siku mbili, moja ya kazi na moja ya mapumziko, akiwa na daftari na maswali matatu tu: nani hapa anafundisha wengine kuimba, kuchora, kuchonga, kucheza au kuigiza, wanafanyia wapi, na ni kitu gani kimoja kinachowakwamisha.

Jibu la swali la tatu hushangaza. Kikundi cha vijana kinachofanya mazoezi ya ngoma kwenye korido ya jengo la ofisi baada ya saa za kazi huenda kisitake ruzuku ya fedha hata kidogo. Kinachotaka ni ufunguo wa ukumbi wa shule ambao umefungwa tangu saa kumi jioni, na barua inayomhakikishia mwalimu mkuu kwamba vioo vikivunjika kuna wa kulipa. Barua hiyo haiigharimu kamisheni kitu, na kwa kikundi kile ina thamani kuliko cheki. Katika daftari, safu ya vikwazo iwe pana kuliko safu ya majina.

Hatua ya nne: Sikiliza wakazi kabla ya kumwita msanii

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo mambo huharibika.

Mwaka 1981 sanamu ya Richard Serra iitwayo Tilted Arc ilisimamishwa kwenye uwanja wa majengo ya serikali kuu huko Manhattan, New York. Ilikuwa ukuta wa chuma uliopinda, wenye urefu wa mita 36 hivi na kimo cha zaidi ya mita 3 na nusu, uliokata uwanja katikati. Watu waliofanya kazi katika majengo yale walilazimika kuuzunguka kila siku, na malalamiko yakaanza mapema. Mwaka 1985 kikaitishwa kikao cha kusikiliza maoni, ambapo watu 180 walitoa ushahidi, 122 wakitaka sanamu ibaki na 58 wakitaka iondolewe. Ikaamuliwa iondolewe. Baada ya mashauri mahakamani, usiku mmoja wa Machi 1989 ilikatwa vipande na kubebwa. Msanii alikuwa ameitengeneza kwa ajili ya mahali pale tu, na kwake kuihamisha kulikuwa sawa na kuiharibu.

Watu hubishana mpaka leo kuhusu nani alikuwa sahihi. Sioni haja ya kuamua. Ninachokiona ni kwamba kikao kile kikubwa kilifanyika miaka minne baada ya chuma kusimama, wakati ambapo hakukuwa tena na jibu lisilomuumiza mtu. Kama watu wale wangeulizwa mapema wanapita wapi na wanakaa wapi saa ya chakula cha mchana, msanii angekuwa na jambo la kufanyia kazi badala ya jambo la kupigania.

Mkutano wa kabla ya kubuni uendeshweje, basi? Ufanyike mahali penyewe, siyo ukumbi wa halmashauri. Ufanyike mara mbili, jioni na mwisho wa juma, kwa kuwa wauguzi, walinzi na madereva hawana jioni moja. Awepo mtu wa kuwaangalia watoto, na mkalimani wa lugha ya alama ikiwa kuna mkazi asiyesikia. Usiulize, “Mnataka sanaa ya namna gani?” Swali hilo humfanya mtu aone aibu kwamba hajui, kisha huyaacha maongezi kwa wachache waliozoea kusema. Uliza mambo ambayo kila mtu anayajua kuliko wewe: hapa mnapita saa ngapi, kivuli kiko wapi mchana, watoto wanacheza upande upi, kuna tukio gani lililotokea hapa ambalo wazee bado wanalikumbuka, na ni kitu gani ambacho hamtaki kiguswe.

Halafu chukua kamba. Hiki ni kifaa rahisi kuliko vyote na sijaona kinachokishinda. Pigilia vigingi ardhini na uzungushie kamba kwa ukubwa halisi wa kazi inayofikiriwa, kisha uiache wiki nzima. Niliwahi kushuhudia hilo likifanyika kwenye uwanja mdogo mbele ya zahanati. Michoro ilikuwa imeonyeshwa kwenye karatasi na hakuna aliyepinga. Siku ya pili ya kamba, mzee mmoja mwenye fimbo alikuja, akaifuata kamba hatua kwa hatua kwa mkono wa kushoto, akasimama kwenye pembe na kusema, “Hapa ndipo machela inapokatia kona.” Ramani za mhandisi hazikuonyesha machela. Kamba ikasogezwa mita 2, na mradi mzima ukapona kwa sentensi moja ya mtu ambaye asingefungua mdomo katika mkutano.

Usikivu usipoambatana na mamlaka huchosha watu haraka. Porto Alegre nchini Brazil ilianza mwaka 1989 kuwaachia wakazi waamue wenyewe sehemu ya bajeti ya jiji, na utaratibu huo ukasambaa katika miji mingi duniani. Kamisheni inaweza kufanya hivyo kwa kiwango chake: itenge fungu dogo kwa kila kata, wakazi wapige kura juu ya matumizi yake, na kamisheni ijifunge kutekeleza matokeo hata kama yenyewe ingechagua vingine. Fungu likiwa dogo lakini la kweli, watu watarudi mwaka unaofuata.

Pale ambapo maoni yamegawanyika sana, fikiria kazi ya muda. Katika Trafalgar Square, London, kuna msingi mmoja wa sanamu uliokaa mtupu kwa zaidi ya karne moja, na tangu 1999 umekuwa ukipokea kazi za wasanii wa sasa kwa zamu. Mifano midogo ya kazi zinazoshindania nafasi huonyeshwa hadharani ili watu watoe maoni kabla ya uteuzi. Mwaka 2009 msanii Antony Gormley aliwapandisha juu ya msingi huo watu 2,400 wa kawaida, kila mmoja kwa saa moja, mchana na usiku kwa siku 100. Kazi inayojulikana kwamba itaondoka huruhusu ujasiri ambao kazi ya milele hairuhusu.

Hatua ya tano: Fomu ya ruzuku anayoweza kuijaza mtu mwenye daftari moja

Fomu yangu ya kwanza ya ruzuku, katika ofisi nisiyoitaja, ilikuwa na kurasa 14. Ukurasa wa tatu ulidai hesabu za miaka mitatu zilizokaguliwa. Kikundi chetu kilikuwa na daftari lenye jalada la bluu, ambamo katibu aliandika nani amechangia na nani anadaiwa, na daftari lile lilikuwa safi na la kweli. Hatukuomba. Nilipokuja kukaa kwenye jopo miaka mingi baadaye nilielewa kwamba ofisi zile hazikuwa na nia mbaya: zilinakili fomu ya mradi mkubwa na kuitumia kwa kila mtu.

Gawa ruzuku katika ngazi. Ngazi ya chini, kwa msanii mmoja au kikundi kisichosajiliwa, iwe na fomu ya kurasa 2 na maswali manne: unataka kufanya nini, na nani, kwa ajili ya nani, na fedha zitatumikaje. Hesabu zilizokaguliwa zidaiwe katika ngazi ya juu tu. Ruhusu majibu ya sauti yaliyorekodiwa kwa simu, kwani kuna watu ambao maelezo yao ya mdomo yana uhai wote na maandishi yao hayana. Kwa kikundi kisicho na akaunti ya benki, kubali mdhamini wa kifedha, yaani taasisi iliyosajiliwa inayopokea fedha kwa niaba ya kikundi na kuzitolea hesabu. Usidai kwamba mwombaji mdogo achangie nusu ya gharama kutoka kwingine, maana sharti hilo humpa mwenye nacho na kumnyima asiye nacho.

Mwaliko wa maombi ukae wazi kwa wiki 6 angalau, usifungwe wakati wa likizo, na utangazwe redioni, kwenye mbao za matangazo na katika zile korido za mazoezi ulizoziandika kwenye hatua ya tatu. Vigezo vichapishwe pamoja na alama zake siku ya kwanza. Ofisa mmoja aruhusiwe kusoma rasimu ya mwombaji na kumwambia panapokosekana kitu. Huo si upendeleo ikiwa nafasi hiyo imetangazwa kwa wote.

Kwa kazi kubwa za umma, usiwaambie wasanii walete michoro kamili bila malipo. Omba kwanza sifa na mifano ya kazi zao za awali, chagua watatu au wanne, kisha walipe hao wachache watengeneze mapendekezo. Ubunifu ni kazi, na jiji halimwombi mhandisi achore daraja bure ili limlinganishe na wenzake.

Hatua ya sita: Jopo na alama zake

Jopo liwe tofauti na kamisheni yenyewe, libadilike kila mzunguko, na wajumbe wake walipwe posho, la sivyo litakuwa la watu wenye muda na kipato tu. Kwa kazi ya mahali maalumu, angalau theluthi ya wajumbe wawe wakazi wa eneo hilo wenye kura kamili. Mwenye uhusiano na mwombaji atamke hivyo kabla ya kikao na atoke nje ya chumba wakati maombi hayo yanajadiliwa. Kukaa kimya kwenye kiti haitoshi, kwa sababu wenzake humtazama usoni.

Kuna mtego katika hesabu za alama ambao wajumbe wapya hawauoni. Chukua jopo la watu watano wanaotoa alama 1 hadi 5. Maombi ya kwanza yanapata 3, 3, 3, 3 na 3, jumla 15. Maombi ya pili yanapata 5, 5, 2, 1 na 1, jumla 14. Ukifuata jumla peke yake, kazi ambayo haikumgusa mtu yeyote inashinda kazi iliyowawasha wajumbe wawili. Ukirudia hivyo kwa miaka 10, jiji litajaa vitu visivyomuudhi mtu na visivyopendwa na mtu. Weka kanuni: maombi yoyote ambayo alama yake ya juu na ya chini zimepishana kwa 3 au zaidi yajadiliwe kwa sauti, aliyetoa 5 aeleze alichokiona na aliyetoa 1 aeleze anachokiogopa, kisha wote watoe alama upya. Mara nyingine aliyetoa 1 ndiye aliyesoma vizuri. Muhtasari wa kikao uandike hoja, pamoja na namba.

Hatua ya saba: Mkataba unaotaja pia siku ya kuondoa

Ruzuku ndogo zilipwe karibu zote mwanzoni, kwa maana msanii hana akiba ya kuikopesha halmashauri. Kazi kubwa zilipwe kwa awamu zinazolingana na gharama zake: kusaini, kukubaliwa kwa mchoro wa mwisho, kununuliwa kwa vifaa, kusimikwa, na kukabidhiwa. Bajeti iwe na fungu la dharura, na kwa maoni yangu asilimia 10 ndiyo kiwango cha chini.

Sehemu ya haki ndiyo inayopuuzwa. Kumiliki kitu si sawa na kumiliki hakimiliki yake, kwa hiyo mkataba useme kama jiji linaweza kuchapa picha ya kazi hiyo kwenye vipeperushi na kalenda. Zaidi ya hapo kuna haki za kimaadili, zinazotambuliwa na kifungu cha 6bis cha Mkataba wa Berne, mkataba wa kimataifa wa hakimiliki: haki ya msanii kutajwa jina, na haki ya kupinga kazi yake kuharibiwa au kugeuzwa kwa namna inayomvunjia heshima. Marekani iliweka sehemu ya haki hizo katika sheria ya mwaka 1990, na matokeo yake yalionekana huko Queens, New York, kwenye majengo yaliyojulikana kama 5Pointz. Mwenye majengo, aliyekuwa amewaruhusu wasanii kupaka kuta kwa miaka mingi, alizipiga rangi nyeupe mwaka 2013 bila kuwapa notisi inayotakiwa. Mwaka 2018 mahakama iliamuru wasanii 21 walipwe jumla ya dola milioni 6.75, na mahakama ya rufaa ikaunga mkono hukumu hiyo mwaka 2020.

Andika basi kifungu cha kuondoa: kazi inatarajiwa kukaa miaka mingapi, sababu zipi zinaruhusu iondolewe, msanii apewe notisi ya siku ngapi, na kwamba yeye ndiye wa kwanza kupewa nafasi ya kuichukua. Kwa mchoro wa ukutani, mwenye nyumba atie saini pia. Kuzungumza habari za mwisho siku ya furaha ya mwanzo kunaonekana kama mkosi, lakini nimeona ahueni ilivyo usoni mwa wasanii wanaposomewa kifungu hicho.

Hatua ya nane: Mikono ya wakazi ndani ya kazi

Philadelphia ina mpango wa michoro ya ukutani ulioanza mwaka 1984 kama sehemu ya juhudi za jiji dhidi ya maandishi ya vichochoroni. Msanii Jane Golden alipewa kazi ya kuwafikia vijana waliokuwa wakiandika kwenye kuta, na mpango huo umezaa maelfu ya michoro. Mbinu yake moja inastahili kuigwa popote. Mchoro hugawanywa katika vipande vya mraba vya kitambaa chepesi, kila kipande kikiwa na mistari na namba za rangi. Vipande hivyo hupelekwa shuleni, kwenye vituo vya wazee, hata magerezani, ambako watu hukaa mezani na kupaka. Kisha hurudishwa, hupangwa na kubandikwa ukutani kwa gundi maalumu hadi mshono usionekane. Hivyo mtu asiyeweza kupanda jukwaa la ujenzi, au asiyeruhusiwa kutoka nje, ana sentimita zake ukutani.

Ushiriki wa namna hii uandikwe kwenye mkataba na bajeti tangu mwanzo, ukiwa na masaa na malipo ya msanii kufundisha. Ukiongezwa mwishoni kama pambo, msanii atalazimika kuufanya harakaharaka na wakazi watapewa brashi ya kupigia picha.

Hatua ya tisa: Matunzo

Kila kazi ipewe ukurasa katika rejista: vifaa vilivyotumika, aina na namba za rangi, jina la fundi wa vyuma, picha ya siku ya kwanza, na maelekezo ya kusafisha yaliyoandikwa na msanii mwenyewe. Ikaguliwe mara moja kwa mwaka na mtu yuleyule, kwa picha zilizopigwa kutoka mahali palepale. Fungu la matunzo litengwe katika bajeti ya mradi na lisiguswe, kwa sababu hakuna diwani atakayekata utepe kwa ajili ya kuondoa kutu. Sanamu iliyochakaa huwaambia wakazi wa mtaa ule jinsi jiji linavyowaona, na huwaambia kila asubuhi.

Hatua ya kumi: Taarifa, na simu kwa waliokosa

Taarifa ya mpokeaji wa ruzuku ndogo iwe ukurasa mmoja na picha. Taarifa ya kamisheni kwa umma iwe na orodha ya kila aliyepewa, kiasi, na kata yake, ikiwa na ramani ili mwananchi aone kwa jicho lake fedha zilikokwenda na zisikokwenda. Usihesabu waliohudhuria tu. Hesabu pia waliorudi, na waombaji wa mara ya kwanza.

Barua za kuwajulisha waliokosa zitoke siku ileile na za waliopata, zikiwa na alama na maelezo ya jopo. Kisha ofisa atenge saa mbili kila alasiri kwa wiki mbili zinazofuata, apige simu kwa kila mwombaji wa mara ya kwanza aliyekosa, amsomee sentensi mbili nzuri zilizosemwa na wajumbe kuhusu kazi yake na moja iliyomwangusha, na amtajie tarehe ambayo mlango utafunguliwa tena. Tarehe hiyo iwe imekwisha kuandikwa kwenye kalenda ya kamisheni kabla simu ya kwanza haijapigwa.